Kubuni kitanzi cha waya wa meno kwa kompyuta: kuanzia hesabu ya mkono hadi waya halisi

Gego dogo la kwanza likishang'olewa ili kupata nafasi, daktari wa kupanga meno hubaki na kazi ya kulirudisha nyuma jino la chonge hadi pengo lizibe. Njia mojawapo ni kitanzi: waya unakunjwa ukipanda kuelekea kwenye ufizi, unashuka tena, kisha unafunguliwa kidogo na kufungwa kwenye breketi mbili (vishikio vidogo vinavyobandikwa juu ya meno), moja kila upande wa pengo. Waya unapotaka kurudia umbo lake, meno yanasogeleana.

Kusogea ni jambo moja, kusogea vizuri ni jingine. Breketi imebandikwa kwenye taji, mzizi uko ndani ya mfupa. Ukilivuta jino kwa kani tupu, linafanya kama nguzo ya uzio iliyochimbiwa mchangani: kichwa kinakuja, kitako kinakwenda upande wa pili. Ili jino lije lote likiwa wima, kani lazima iandamane na momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, inayousukuma mzizi uelekee kule kule. Kwa jino la chonge lenye mfupa mzima, kitovu cha ukinzani (pale ambapo kani ikipita, jino linasogea bila kuinama) huchukuliwa kuwa kama mm 10 kutoka kwenye breketi. Kwa hiyo kila niutoni 1 ya kani inadai momenti ya N mm 10 hivi. Uwiano huo wa momenti kwa kani, M kwa F, ndio moyo wa kazi yote. Ukiwa chini ya mm 5, jino linaanguka ubavu. Kwenye mm 7 linainama ncha ya mzizi ikitulia mahali pake. Kwenye mm 10 linasogea zima, na kuanzia mm 12 mzizi ndio unaotangulia.

Mwaka 1976 daktari wa kupanga meno Charles Burstone na mhandisi Herbert Koenig walichapisha uchambuzi wa vitanzi hivi unaoanzia kwenye uwiano huo. Leo uchambuzi wa aina hiyo unafanyika kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu za bure. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa meno, fundi wa maabara ya meno au mhandisi anayetaka kubuni kitanzi na kukijaribu kabla ya kushika koleo. Si wa kujitibu nyumbani. Waya unaowekwa mdomoni ni kazi ya daktari aliyesomea, na namba zozote utakazozipata zinapita kwake kwanza.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kabla ya kuchora

Chukua karatasi, andika mambo manne: jino gani linasogezwa na lisogee vipi, kani unayoitaka, umbali kati ya breketi mbili, na kimo ambacho mdomo unaruhusu kabla waya haujachoma ufizi au shavu. Mfano wangu ni huu: jino la chonge lisogee zima, kani ya N 1.5 (kama gramu 153), umbali wa mm 10 kati ya breketi, kimo kisichozidi mm 7.

Waya ni wa titani-beta, aina ambayo Burstone na mwenzake Jon Goldberg waliitambulisha kwenye tiba ya meno mwaka 1980, wa inchi 0.017 kwa 0.025, yaani mm 0.432 kwa mm 0.635. Moduli yake ya Young, E, yaani kipimo cha ugumu wa mada yenyewe, ni kama GPa 69, karibu theluthi moja ya chuma cha pua kinachofika GPa 200. Kwa umbo lile lile, chuma kinavuta kwa kani inayokaribia mara tatu.

Hatua ya 2: Pata jibu la mkono

Hatua hii watu wengi wanairuka, nami nashikilia kwamba ndiyo yenye thamani kuliko zote. Programu itakupa picha ya rangi hata kama umeingiza vipimo kwa inchi ukidhani ni milimita. Ukiwa na namba ya mkono, kosa la namna hiyo unaliona papo hapo.

Kwa kitanzi kilicholingana pande zote mbili, chenye waya wa unene mmoja, ambacho ncha zake zimeshikwa zisizunguke, kuna kanuni nzuri sana: uwiano wa M kwa F ni sawa na kimo cha wastani cha waya wote, ukipima kutoka kwenye mstari wa breketi. Kata kitanzi katika vipande. Zidisha urefu wa kila kipande kwa kimo cha katikati yake, jumlisha, kisha gawa kwa urefu wote.

Jaribu kwanza kitanzi cha wima cha kawaida. Nusu yake ina mkono (sehemu ya mlalo inayotoka kwenye breketi) wa mm 4 ulio kwenye kimo 0, mguu (sehemu inayopanda) wa mm 6 wenye kimo cha wastani cha 3, na robo duara ya nusukipenyo mm 1 juu yake (urefu 1.57, kimo cha wastani 6.64). Jumla ni 28.4, urefu ni mm 11.57, jibu ni mm 2.5. Kitanzi hiki, kikiachwa hivi hivi, kitaliangusha jino.

Sasa umbo la T lenye kimo kile kile cha mm 7. Nusu yake:

- mkono mm 4.5, kimo 0: 0
- mguu mm 5, kimo 2.5: 12.5
- tawi la chini mm 3.5, kimo 5: 17.5
- nusu duara mm 3.14, kimo 6: 18.85
- tawi la juu mm 4, kimo 7: 28

Jumla 76.85 kwa urefu wa mm 20.14 inatoa mm 3.8. Hapo ndipo siri ya T inapoonekana. Herufi yenyewe haina miujiza. Imepeleka waya mwingi juu, karibu na kitovu cha ukinzani, na wastani ukapanda. Kwa sababu hiyo hiyo, kurefusha mikono kunaushusha: ongeza mm 4 kila upande na T hii inarudi kwenye mm 3.2.

Kanuni inasema na jambo la pili, zito zaidi. Wastani hauwezi kupita kimo cha juu kabisa. Kama mdomo unaruhusu mm 7, hakuna umbo litakalofika mm 10 kwa kuvutwa tu, hata ulichore vipi. Kujua hilo mapema kunakuokolea siku nyingi za kujaribu maumbo kwenye skrini.

Kani nayo inapatikana kwenye lahajedwali. Gawa waya katika vipande vya mm 0.1. Kwa kila kipande, zidisha urefu wake kwa mraba wa tofauti kati ya kimo chake na kimo cha wastani, kisha jumlisha kwa kitanzi kizima, pande zote mbili. Kitanzi cha wima kinatoa 143, T inatoa 293. Kani kwa kila milimita ya kufunguka ni EI, yaani E mara I, gawanya kwa namba hiyo. I inaonyesha jinsi umbo la mkato wa waya linavyopinga kupindwa: ni upana mara unene mara unene mara unene, gawanya kwa 12. Angalia vizuri ni upande gani ulio unene: kitanzi kinajikunja ndani ya bapa lake, kwa hiyo unene ni mm 0.432, nao upana ni mm 0.635. I inakuwa mm⁴ 0.00427, EI inakuwa N mm² 294. Kitanzi cha wima kinavuta N 2.06 kwa kila milimita, T inavuta N 1.0. T ni laini mara mbili, na ulaini huo ni faida, kwa sababu jino likisogea kidogo kani haiporomoki.

Hatua ya 3: Kadiria mkunjo wa awali

Kwa kuwa mm 3.8 haitoshi, mikono inakunjwa kabla ya kufungwa, kila mmoja kwa pembe fulani, ili ukiingizwa kwenye breketi ulete momenti ya ziada. Momenti hiyo ni EI mara pembe (kwa radiani) gawanya kwa urefu wa nusu ya waya. Tunataka 10 kwa kani ya 1.5, yaani N mm 15. Kuvuta peke yake kunatoa 5.7. Pengo la 9.3 linahitaji radiani 0.635, kama nyuzi 36 kila upande.

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi yanasahauliwa hapa.

La kwanza: momenti hii ya ziada haipungui kani inapopungua. Kani ikishuka kutoka N 1.5 hadi N 1.0, uwiano unapanda kutoka 10 hadi 13. Ukiwa N 3, uwiano ni 6.9 tu. Jino lile lile, kwa kitanzi kile kile, linaanza kwa kuinama, linapita kwenye kusogea zima, kisha linanyoosha mzizi, ilimradi daktari asikimbilie kukivuta tena kabla ya wakati. Kwa hiyo usiuweke uwiano kwenye ripoti yako kama namba moja. Uweke kama mchoro.

La pili: mkunjo kwenye mikono unaivusha miguu ya kitanzi. Ukikiingiza kwenye breketi bila kuvuta, miguu inapishana. Kwa hesabu hii ni pembe mara kimo cha wastani, mm 2.4 kila upande, karibu mm 5 kwa jumla. Daktari anayeanza kupima pale miguu inapoonekana sambamba anadhani yuko sifuri, kumbe tayari ana kani inayokaribia N 5. Sifuri ya kweli ni mkao ambao kani ni sifuri, na uigaji wa kompyuta unafaa sana kwa kuutafuta. Ukitaka miguu isipishane sana, hamishia sehemu ya mkunjo kwenye tawi la juu la T. Mkunjo uliowekwa juu ya kimo cha wastani unaisukuma miguu upande wa kinyume.

Hatua ya 4: Jenga modeli

Pembe ya nyuzi 36 si ndogo, na hesabu ya mkono imejengwa juu ya mabadiliko madogo. Kuanzia hapa ni kazi ya kompyuta.

Programu ninayopendekeza kwa anayeanza ni CalculiX, kikokotozi cha bure cha elementi finiti (njia ya kukigawa kitu katika vipande vidogo, elementi, vinavyounganishwa kwenye nukta ziitwazo nodi), ukiitumia kupitia PrePoMax kwenye Windows au ndani ya FreeCAD. Chora mstari wa katikati ya waya pamoja na mikunjo yake ya awali, kisha buruta mstatili wa 0.432 kwa 0.635 juu yake. Tumia milimita, niutoni na megapaskali kila mahali. E inakuwa 69,000, uwiano wa Poisson (jinsi mada inavyosinyaa kwa ubavu ikivutwa) 0.3.

Kwenye wavu wa elementi, kwepa piramidi za nodi 4. Ni kakamavu kupita kiasi pale kitu chembamba kinapojipinda, na kani itatoka kubwa isivyo kweli. Chagua matofali ya nodi 20, angalau mawili kwenye unene. Endesha modeli, punguza ukubwa wa elementi kwa nusu, endesha tena. Kani na momenti zikibadilika kwa chini ya asilimia 1, wavu unatosha.

Elementi za ujazo hazina mzunguko kwenye nodi zao, kwa hiyo huwezi kuuambia uso wa ncha "zunguka nyuzi 36" moja kwa moja. Kwenye CalculiX unaufunga uso wa kila ncha kuwa mwili mgumu kwa amri ya *RIGID BODY, ukiupa nodi mbili: moja ya kusogea na moja ya kuzunguka. Kani utaisoma kwenye nodi ya kwanza, momenti kwenye ya pili.

Usiweke meno, mfupa na utando wa mzizi kwenye modeli hii ya kwanza. Picha itapendeza, lakini tabia ya utando huo inaelezwa kwa namba zinazopishana mno baina ya watafiti, na utashindwa kujua kosa limetoka kwenye waya au kwenye mfupa. Breketi mbili ngumu zinatosha kukijua kitanzi.

Hatua ya 5: Kiingize, kisha kivute

Washa mabadiliko makubwa ya umbo (NLGEOM) na ugawe mzigo katika awamu mbili.

Awamu ya kwanza ni kuingiza kwenye breketi. Zungusha ncha zote mbili mpaka ziwe kwenye mstari mmoja, ukiiacha ncha moja huru kuteleza kwa mlalo. Pale itakapotulia ndipo sifuri ya kweli, kwa kuwa kani ya mlalo haipo na momenti ipo. Miguu itapita moja ndani ya nyingine kwenye skrini. Iache ipite. Kwenye waya halisi inapishana ubavu kwa ubavu, na ukiizuia isigusane utaharibu matokeo.

Awamu ya pili, vuta ncha hiyo kwa hatua za mm 0.25 hadi mm 3, bila kuiruhusu izunguke. Kila hatua andika kani, momenti za ncha zote mbili na mkazo mkubwa (kani kwa kila eneo ndani ya waya).

Kabla ya kuendesha kitanzi chenye mikunjo, endesha kile kisicho nayo na ukivute mm 0.1 tu. Hapo mabadiliko ni madogo, na kompyuta inapaswa kukubaliana na lahajedwali yako: uwiano wa 3.8, kani ya N 0.1. Zisipokubaliana, simama hapo na utafute sababu.

Hatua ya 6: Soma mkazo kwa tahadhari

Mkazo mkubwa utauona kwenye ukingo wa breketi, na pale uso uliofungwa unapokutana na waya huru programu huonyesha kilele cha uongo kinachozidi kupanda kila unapopunguza ukubwa wa elementi. Usikiamini. Chukua momenti ya ncha, igawanye kwa kigawanyo hiki: upana mara mraba wa unene, chote kikiwa kimegawanywa kwa 6. Kwa waya wetu kigawanyo ni mm³ 0.0197, na N mm 15 inatoa MPa 760. Kwa titani-beta hapo tayari ni pa kuangalia sana. Kikomo cha unyumbufu, yaani mkazo ambao ukivukwa waya haurudii tena umbo lake, kinatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo tafuta namba ya waya ulio nao mkononi. Ukiuvuta hadi N 3, mkazo unapita MPa 1,000 na waya utalegea palepale kwenye breketi. Mkunjo uliouhesabu kwa nyuzi 36 unakuwa pungufu bila mtu kujua.

Tiba yake ni kuongeza waya juu ya kitanzi, au kushusha kani, au kugawanya mkunjo katika sehemu mbili tatu. Kuongeza unene wa waya ndilo wazo linalokuja kwanza na ndilo baya zaidi: kani inapanda kwa unene mara unene mara unene.

Hatua ya 7: Kiharibu kwa makusudi

Mdomoni hakuna kitu kinachokaa katikati kamili. Hamisha kitanzi mm 1 kuelekea gego, kisha mm 2, na uendeshe tena. Momenti ya upande uliokaribiwa itakua, ya upande wa pili itapungua, na tofauti hiyo lazima ilipwe na kani ya wima. Ukipata N mm 15 upande mmoja na 9 upande wa pili, kwa umbali wa mm 10, kuna N 0.6 inayolisukuma jino moja juu na jingine chini. Wakati mwingine ndicho unachotaka, kwa mfano ukitaka magego yasisogee mbele. Muhimu ni uwe umekitaka.

Kisha weka uwazi wa breketi. Waya wa inchi 0.017 kwenye mfereji wa inchi 0.022, kwenye breketi ya upana wa mm 3, unazunguka kama nyuzi 2.4 kabla haujagusa. Nyuzi hizo zitoe kwenye mkunjo wako wa awali.

Modeli ya bapa haioni kitu kimoja: breketi iko nje ya jino, kwa hiyo kani inalizungusha jino kwenye mhimili wake pia. Ndiyo maana waya halisi hupewa mkunjo mdogo wa kuzuia mzunguko huo. Kama modeli yako ni ya ujazo, unaweza kuujaribu hapo hapo.

Hatua ya 8: Pinda waya, tundika uzito

Chapa mchoro kwa kipimo cha moja kwa moja, pinda waya juu ya karatasi, upige picha na ulinganishe. Kupima momenti kunahitaji kifaa cha bei, lakini ukakamavu unaweza kuupima kwa uzi na uzito mdogo.

Chukua T isiyo na mkunjo wa awali. Tengeneza ndoano ndogo mwisho wa kila mkono, tundika moja kwenye msumari, kwenye nyingine weka gramu 50. Hapa ncha ziko huru kuzunguka, kwa hiyo hesabu inabadilika: badala ya miraba ya umbali kutoka kimo cha wastani, jumlisha miraba ya vimo vyenyewe kutoka kwenye mstari wa breketi. Kwa T yetu ni 880, na ukakamavu ni N 0.33 kwa milimita. Gramu 50 zinapaswa kukifungua kitanzi kama mm 1.5. Endesha hali hiyo hiyo kwenye kompyuta, ncha zikiwa huru, kisha pima ufunguko halisi kwa kalipa au kwenye picha uliyopiga pamoja na rula.

Tofauti ikizidi asilimia 10, anza na mikromita. Waya ulioandikwa mm 0.432 ukiwa kwa kweli ni mm 0.42, umepoteza asilimia 8 ya kani kwa unene peke yake. Baada ya hapo pima kimo cha kitanzi ulichopinda, kwa sababu koleo huongeza au kupunguza nusu milimita kwenye kila kona bila mkono kuhisi. Ingiza vipimo hivyo halisi kwenye lahajedwali na kwenye modeli. Tofauti ikibaki baada ya hayo yote, badilisha moduli ya Young mpaka ufunguko ulingane, itumie namba hiyo kwa waya wote wa boksi lile, na ukifungua boksi jipya tundika uzito tena.